Nyuso Zilizowekwa Mezani

Iko jamii moja ya vitabu ambavyo huenda wewe msomaji hujapata kukitia hata kimoja katika mkoba wako wa shule, kwa sababu havienei humo. Ni vipana kama sinia, vizito kama jiwe la kusagia, na karatasi zake ni nene na laini. Maneno yake ni machache na picha zake ni nyingi. Waingereza na Wamarekani huviita vitabu vya meza ya kahawa, maana kazi yake ni kulala juu ya meza ndogo ya sebuleni, ili mgeni apate cha kupekua anapongojea kikombe chake. Mwenye nyumba huvinunua kwa fedha nyingi, na mara nyingi si kwa nia ya kuvisoma bali kwa nia ya kuonekana kuwa anavyo. Na katika jamii hiyo, vinavyopendwa kupita vingine ni vile vyenye sura za watu mashuhuri: waigizaji, waimbaji, waandishi, wafalme na marais, kila mmoja amepewa ukurasa wake atazamwe.

Mtu akiniuliza kama vitabu vya namna hii vyastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya au diwani, nitamjibu kuwa vingi havistahili. Ni mapambo, kama maua ya plastiki. Lakini viko viwili vya mpiga picha mmoja, Richard Avedon wa Marekani, ambavyo si mapambo tu. Hasa cha pili, kiitwacho Nothing Personal, kilichotoka mwaka 1964, chatufaa kukitazama kwa makini; kwanza kwa sababu kilitungwa na watu wawili waliojuana walipokuwa wanafunzi kama wewe, na pili kwa sababu kilijaribu kufanya neno ambalo ni gumu sana kwa kitabu cha sebuleni, yaani kumkosesha raha mwenye sebule.

Katika sehemu ya Bronx, mjini New York, iko shule ya sekondari iitwayo DeWitt Clinton, ambayo siku zile ilikuwa ya wavulana watupu. Wanafunzi wake walikuwa na jarida lao la fasihi lililoitwa The Magpie, na karibu na mwaka 1940 miongoni mwa wahariri wake walikuwamo vijana wawili. Mmoja alikuwa Avedon, aliyezaliwa mwaka 1923, mtoto wa Kiyahudi ambaye baba yake alikuwa na duka la nguo. Alitaka kuwa mshairi. Wa pili alikuwa James Baldwin, aliyezaliwa mwaka 1924 katika mtaa wa Harlem, mtoto mweusi, mkubwa wa ndugu tisa, aliyelelewa na baba wa kambo aliyekuwa mhubiri mkali. Huyu naye alikuwa amekwisha kuanza kuhubiri kanisani kabla hajatimiza miaka kumi na mitano. Ukipenda kucheka jarida la shule yako kwa sababu limechapwa vibaya na halisomwi na mtu ila wale walioandika, kumbuka hilo kidogo kabla hujalitupa.

Njia zao ziliachana. Baldwin alivuka bahari mwaka 1948 akaenda Paris kuandika. Avedon aliingia katika jeshi la mabaharia wa meli za biashara wakati wa vita, na kazi aliyopewa ni kuwapiga mabaharia picha za vitambulisho. Mimi naona kazi hiyo ilimfundisha zaidi kuliko shule yoyote. Kama umepata kupigwa picha ya kitambulisho, wajua jinsi ilivyo: unaambiwa usimame mbele ya kitambaa kitupu, utazame mbele, usicheke. Hakuna kiti cha enzi, hakuna pazia, hakuna mandhari ya bahari iliyochorwa ukutani. Unabaki wewe na uso wako. Baadaye Avedon alipokuwa mpiga picha mkubwa wa mitindo ya mavazi katika jarida la Harper's Bazaar, akaletewa mabwana na mabibi ambao majina yao yalijulikana dunia nzima, alizidi kuwasimamisha hivyo hivyo, mbele ya weupe mtupu, kama mabaharia wanaongoja kupigiwa mhuri.

Kitabu chake cha kwanza, Observations, kilitoka mwaka 1959, nacho kilikuwa kazi ya watu watatu. Avedon alitoa picha. Truman Capote, mwandishi wa riwaya, alitoa maneno. Na Alexey Brodovitch, mzaliwa wa Urusi aliyekuwa bwana wa kupanga kurasa, aliamua picha ipi ikae wapi na nafasi ipi iachwe wazi. Humo utawakuta Picasso mchoraji, Louis Armstrong mpiga tarumbeta, Humphrey Bogart mwigizaji, Ezra Pound mshairi. Yumo Charlie Chaplin, ambaye picha yake ilipigwa Septemba 1952, ameweka vidole viwili juu ya kichwa chake kama pembe za shetani. Siku chache baada ya picha ile alipanda meli kwenda Ulaya, na akiwa safarini serikali ya Marekani ikafuta ruhusa yake ya kurudi. Mtu asiyejua habari hiyo huona mchekeshaji anacheza. Anayeijua huona mtu anayewaaga wale waliokwisha kumwita shetani.

Capote ana ulimi mtamu na mkali, na kila mtu anayemwandika humpa sifa iliyotiwa pilipili kidogo. Maneno yake hutembea sambamba na picha: ukimwona mtu, unasoma habari zake. Ni kama mwenyeji wa karamu anayekushika mkono na kukunong'oneza sikioni, yule pale ni fulani, na huyu mwenye joho ni fulani. Na kosa la kitabu liko hapo hapo. Ni karamu, na wote waliomo ni waalikwa.

Kwa sisi wa Kenya yuko mwalikwa mmoja ambaye hatuwezi kumpita bila ya kusimama. Anaitwa humo Isak Dinesen, jina lake la uandishi. Sisi twamjua kwa jina la Karen Blixen, yule Mdenmarki aliyekaa chini ya vilima vya Ngong tangu mwaka 1914 hadi 1931, akalima kahawa na kushindwa, kisha akarudi kwao kuandika habari za shamba lile. Avedon alimpiga picha mjini Copenhagen mwaka 1958, alipokuwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Amevaa koti la manyoya. Ni mwembamba mno, uso umejaa mikunjo, na macho yamebaki makubwa kuliko uso wenyewe. Ni picha nzuri kweli kweli, na Capote ameongeza uzuri wake kwa maneno ya kumstaajabia.

Msomaji wa Kenya atazame uzuri huo, asiukatae. Lakini ana jambo lake analolijua ambalo wala Avedon wala Capote hakulitia katika ukurasa. Anajua kuwa ardhi ile ya Ngong ilikuwa na wenyewe kabla ya mkahawa wa kwanza kupandwa. Huenda pia anajua kuwa Ngũgĩ wa Thiong'o amemkosoa vikali mwandishi huyu kwa namna alivyowachora Waafrika katika vitabu vyake. Weupe ule ulio nyuma ya bibi huyu hautuonyeshi neno lolote katika hayo. Kumwondoa mtu mbele ya nyumba yake, shamba lake na watumishi wake ni kumpa heshima ya kutazamwa yeye mwenyewe, naam, lakini pia ni kumsamehe madeni yake. Nakuomba ulishike neno hilo, kwa kuwa nitalirudia.

Miaka mitano baadaye ndipo wale wahariri wawili wa The Magpie walipokutana tena katika jalada moja. Baldwin alikuwa amekwisha kuwa mashuhuri. Kitabu chake The Fire Next Time, cha mwaka 1963, kilikuwa kimewatikisa wengi huko Marekani. Avedon alikuwa amechoka na karamu. Picha nyingi za kitabu kipya zilipigwa mwaka huo wa 1963, mwaka ambao sisi huku tulipandisha bendera yetu usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba, na ambao kule kwao George Wallace alishika ugavana wa Alabama akiapa kuwa weusi na weupe watatengwa milele. Kurasa zilipangwa na Marvin Israel. Kitabu kilikuwa kikubwa, cheupe, kimetiwa ndani ya kasha lake.

Jina lake, Nothing Personal, ni lile neno ambalo mtu humwambia mwenzake anapomdhuru na kutaka asichukie: usidhani nina ugomvi nawe, ni kazi tu. Sijapata kuona jina la kitabu lililo baridi kuliko hilo, na kila ukurasa unakulazimisha uulize ni nani anayemwambia nani.

Kinaanza na maharusi. Ni watu wa kawaida waliokwenda kufunga ndoa katika ofisi ya mji wa New York, wamevaa walivyoweza, wanacheka. Ukigeuza kurasa, watu mashuhuri wanaingia, lakini sasa hawako katika karamu tena, kwa sababu waliokaa karibu nao hawakualikwa na mtu. Yumo Marilyn Monroe, katika picha ya mwaka 1957, miaka mitano kabla ya kufa kwake. Tabasamu ambalo dunia ililinunua kwa bei kubwa halipo, mabega yamelegea, macho yanatazama mahali pasipo na kitu. Yumo Eisenhower, jemadari wa vita na Rais wa nchi kwa miaka minane, naye ni mzee aliyepotea katika koti lake. Joe Louis, bondia bingwa wa dunia, hakuonyeshwa uso. Imeonyeshwa ngumi yake tu. Malcolm X, ambaye Oktoba mwaka 1964 alifika Nairobi, ametolewa katika ukungu na kiza, kama kwamba kamera ilishindwa kumshika.

Kuna kurasa mbili zinazotazamana ambazo zimesemwa kuliko zote. Upande mmoja wamesimama wafuasi wa Chama cha Nazi cha Marekani pamoja na mkubwa wao George Lincoln Rockwell, wamevaa sare, wamenyosha mikono kwa saluti. Upande wa pili amesimama mshairi Allen Ginsberg bila nguo hata moja. Mwalimu mmoja angeweza kukichukia kitabu kwa ajili ya ukurasa huo, nami sitabishana naye. Walakini maana yake ni wazi, na labda ni wazi kupita kiasi: huyu hana cha kujifichia, na wale hawana chochote isipokuwa cha kujifichia. Mimi huona kuwa picha inayojieleza upesi hivyo huchoka upesi vile vile. Mara ya kwanza hushtua. Mara ya tatu huwa kama kitendawili ambacho jibu lake umekwisha kulijua.

Napenda zaidi picha nyingine ambayo haipigi kelele. Ni ya mabibi wakubwa wa chama kiitwacho Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, walipokutana Washington mwaka 1963. Wamevaa magauni marefu na mikanda ya vyeo vyao, wamejipanga wenyewe wapigwe picha, wameridhika. Picha ni hiyo tu. Lakini chama hiki ndicho ambacho mwaka 1939 kilimkatalia Marian Anderson, mwimbaji mweusi, asiimbe katika ukumbi wake. Naye akaimba nje, mbele ya jengo la ukumbusho wa Lincoln, wakaja watu wapatao 75,000 kumsikiliza. Na Marian Anderson yumo katika kile kitabu cha kwanza cha Avedon, cha mwaka 1959: amefumba macho, amefunua kinywa, nywele zimepeperuka, sauti karibu isikike. Ndipo ukiviweka vitabu viwili juu ya meza moja, mwimbaji akiwa huku na mabibi wakiwa huku, mambo husemwa bila neno hata moja kuandikwa. Sidhani kama Avedon alikusudia wakutane hivyo.

Sasa maneno ya Baldwin. Hapa kitabu kinafanya ushirika wa namna nyingine kabisa. Capote alikuwa akieleza picha; Baldwin hazielezi hata moja. Hamtaji Monroe wala Eisenhower. Anaanza na mtu aliyekaa mbele ya televisheni akibadilisha stesheni na kuona matangazo ya sabuni na dawa za meno na nywele, watu wote wanang'aa na hakuna anayeishi. Halafu anasimulia jinsi alivyokuwa akitembea mjini New York na rafiki yake kutoka Uswisi, wakakamatwa ghafula na askari polisi wasiovaa sare, wakasukumwa ukutani na kupekuliwa, kwa sababu mmoja wao ni mweusi na mwenzake ni mweupe. Mwishoni anaingia katika saa za usiku mkuu, saa ambazo mtu hukaa macho akijiuliza kwa nini aendelee kuishi, na kutoka huko anazungumza habari za upendo kwa maneno ambayo mhubiri yule wa Harlem bado anasikika ndani yake.

Je, maneno na picha vinashikamana? Wako wanaosema kuwa havishikamani. Kwamba ni kama watu wawili wanaoimba nyimbo mbili katika chumba kimoja. Ushahidi wao wa karibuni ni kwamba mwaka 2021 maneno ya Baldwin yalitolewa kama kitabu kidogo cha peke yake, nayo yalisimama bila ya kutetemeka. Nami nakubali kuwa yasimama. Lakini picha nazo, zikiachwa peke yake, hurudi kuwa karamu. Ni ule mkasa wa ukutani pamoja na askari unaotufanya tutazame nyuso zile tukijiuliza kila moja, huyu angalipita pale angalinisaidia, au angaligeuza uso? Picha haziwezi kuuliza swali hilo. Baldwin ameliuliza bila kumtaja mtu.

Kitabu hakikupokewa kwa shangwe. Desemba mwaka 1964 mhakiki Robert Brustein alikirarua katika jarida la The New York Review of Books. Hoja yake kubwa haina budi kujibiwa, maana si hoja ya kijinga. Alisema, kwa kifupi, kuwa hapa pana mpiga picha wa jarida la matajiri na mwandishi aliyependwa na matajiri, wanawasuta Wamarekani kwa utupu wao na kupenda mali, na suto lenyewe wamelitia katika kitabu cha anasa ambacho ni matajiri watakaokinunua. Tena akaona kuwa picha zinawaumbua watu makusudi.

Juu ya kuumbua, Avedon mwenyewe amempa Brustein silaha. Alipenda kusimulia jinsi alivyowapiga picha mwaka 1957 yule aliyekuwa Mfalme Edward wa Uingereza, aliyeacha kiti mwaka 1936, pamoja na mkewe. Walikuwa wakitabasamu lile tabasamu lao la magazeti. Avedon alijua kuwa wanapenda mbwa kupita kiasi. Basi akawaambia kuwa teksi iliyomleta imemkanyaga mbwa ikamwua. Nyuso zikaanguka, naye akafyatua kamera. Picha ile imesifiwa sana kwa ukweli wake, na ukweli huo ulipatikana kwa uongo. Wewe wasemaje? Mimi nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Huzuni ile ilikuwa yao kweli. Hakuipaka kwa rangi. Lakini tunaitazama na kudhani ni huzuni ya kiti kilichopotea, kumbe ni ya mbwa ambaye hakuwako.

Juu ya anasa, Brustein amesema kweli, ila sidhani kuwa kweli hiyo inakiua kitabu. Mtu akitaka kumwambia tajiri neno, amwambie wapi, kama si sebuleni kwake?

Mahali ambapo naona kitabu kina jeraha la kweli Brustein ameonja tu. Baada ya wakubwa hao wote, kurasa zinageuka ghafula na tunajikuta katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Louisiana, ambako Avedon alikwenda mwaka 1963. Weupe ule wa nyuma hauko tena. Picha ni za chembechembe, zina giza, zimepigwa haraka. Watu wamejikunja, wameshika vichwa, wamekumbatiana. Avedon hakuingia humo kwa udadisi tu. Umbu lake mdogo aliugua maradhi ya namna hiyo, naye alimpenda sana. Hata hivyo, Eisenhower aliombwa akakubali. Monroe alikwenda mwenyewe studio. Watu hawa ni nani aliyewauliza, na hata wakiulizwa, wangeweza kujibu nini? Mashuhuri wamepewa majina yao. Hawa hawana hata jina. Nilisema kuwa weupe humsamehe mtu madeni yake. Hapa mwonekano wa mahali umerudishwa, kuta na vitanda na nguo za hospitali, na waliorudishiwa ni wale wasiokuwa na deni kwa mtu. Sikiiti kitabu kibaya kwa ajili hiyo, lakini kila nikifika kurasa zile huzigeuza upesi, kama mtu aliyefungua mlango ambao haukuwa wake.

Kisha yuko William Casby. Picha yake ilipigwa Louisiana mwezi wa Machi mwaka 1963, naye alikuwa amepita umri wa miaka mia moja. Alizaliwa mtumwa. Uso wake umejaza ukurasa mzima, hakuna bega wala mkono wala nguo, ngozi yote mifereji, na macho yanakutazama sawasawa. Mwandishi wa Kifaransa Roland Barthes alisema habari za picha hii katika kitabu chake cha mwaka 1980 juu ya upigaji wa picha, akauona uso huo kama kinyago ambacho utumwa wenyewe umejionyesha ndani yake. Ni maneno ya mtu mwenye akili nyingi, lakini hayaniridhishi. Kinyago hakina mwenyewe. Mzee huyu alikuwa na miaka mia ya kuamka asubuhi, kufanya kazi, kuzika watu na kulea wajukuu, na utumwa ulichukua miaka michache ya mwanzo tu. Mkitazama pamoja darasani, mtu mmoja afunike kwa karatasi maelezo ya chini yanayosema alizaliwa mtumwa, kisha muulizane mnaona nini.

Kitabu hiki kilichapishwa upya mwaka 2017, kikubwa vile vile na cheupe vile vile, na utakipata katika baadhi ya maktaba kubwa. Ukikifungua, usianze na wale unaowajua. Nenda kwenye kurasa za mwisho, walipo vijana wa ile Kamati ya Wanafunzi iliyokuwa ikipigania haki bila kutumia nguvu, wamesimama barabarani Atlanta, Machi 1963, Julian Bond akiwa mbele yao. Wengi wao walikuwa wamekwisha kutiwa gerezani kwa ajili ya kazi hiyo. Siku ile walikuwa hawajawa mashuhuri. Hakuna aliyeinua mkono, hakuna anayecheka, na umri wao haukupita sana umri wako.